Kwa nini nyundo zenu za kung'olea risasi zinavunjika

Wakuu, habari za siku nyingi. Leo nataka tuongelee nyundo ya kung'olea vichwa vya risasi, ile ya kuivunja risasi usiyoiamini bila kuipiga, maana huku Minnesota kila tukikaa sisi tunaojaza risasi wenyewe lazima atokee mmoja aseme yake imepasuka, anailaani, anaitupa, anaenda kununua ya kampuni nyingine na hiyo nayo haimalizi msimu. Mi msimamo wangu ni kwamba nyundo nyingi zinauliwa na mahali zinapogongwa na jinsi mkono unavyogonga. Zipo mbovu toka kiwandani, sikatai, ila ni chache kuliko watu wanavyodai.

Kwanza kwa wale ambao hii habari ni ngeni kwao. Huku Marekani sheria ya shirikisho inamruhusu mtu kujijazia risasi zake kwa matumizi yake mwenyewe bila leseni, leseni inaanza kudaiwa pale unapotaka kuzifanyia biashara. Ndio maana unakuta mtu gerejini kwake kafunga presi mezani, ile mashine ya mkono ya kujazia risasi, ana mizani, ana makopo ya baruti, akitoka kazini jioni anakaa anajaza za kuwindia paa Novemba. Kwa ndugu zetu mliofika juzi, mwenye grinikadi anaweza kumiliki bunduki kama hana zuio lingine, lakini aliyeingia kwa viza ya muda, ya masomo au ya matembezi, kwa kawaida haruhusiwi kumiliki bunduki wala risasi, kuna misamaha michache kama ya mwenye leseni ya uwindaji, na hilo muulize mwanasheria, usiulize kijiweni. Na mlioko nyumbani, Tanzania na Kenya, someni tu kwa kujua, kule kujitengenezea risasi nyumbani ni kesi nzito, msijaribu kabisa.

Haya. Risasi moja ina vitu vinne: ganda la shaba, fataki ndogo inayokaa chini ya ganda ambayo huku wote tunaiita praima, baruti, na kichwa chenyewe kinachoruka. Wazee wetu wenye magobole walikuwa wanashindilia baruti mdomoni mwa mtutu, mlio mmoja mmoja, kila kitu unakiona kwa macho yako mpaka dakika ya mwisho. Kwenye risasi ya kisasa ukishakibana kichwa kwenye shingo ya ganda basi, huoni tena kilichomo ndani. Unaweza kuwa na boksi zima mbele yako zinang'aa zote zinafanana, na moja ndani yake haina baruti, au ina baruti mara mbili.

Na hizo mbili ndizo zinazoharibu watu. Isiyo na baruti, praima peke yake ina nguvu ya kukisukuma kichwa kikatoka kwenye ganda kikaenda kukwama katikati ya mtutu, unasikia mlio mdogo wa ajabu, ukipuuza ukapiga nyingine nyuma yake mtutu unavimba au unapasuka. Yenye baruti mara mbili ndio kabisa, hasa za bastola, maana baruti za bastola ni za kasi na zinachukua nafasi ndogo. Ganda la bastola la .45 Colt kwa mfano ni la mwaka 1873, lilitengenezwa enzi za baruti nyeusi ambayo inahitaji nafasi kubwa, leo ukilijaza baruti ya kisasa ya kasi linabaki tupu kwa sehemu kubwa, vipimo viwili vinaingia bila wewe kushtuka. Kwaiyo ukishapata wasiwasi na boksi, labda umegundua mizani ilisogea, labda mtoto aliingia ukapoteza hesabu, labda umekuta kopo la baruti mezani sio lile uliloandika kwenye daftari, njia ni moja tu, zote zinavunjwa, yaani kichwa kinang'olewa na baruti inamwagwa. Zote. Hapo ndipo nyundo inapoanza kazi, na ndio maana mi naihesabu kwenye vifaa vya usalama pamoja na miwani, sio kitu cha kununua siku ukipata hela ya ziada.

Sasa yenyewe ikoje. Ina mpini, mara nyingi wa aluminiamu au plastiki, na mbele ina kikombe cha plastiki ngumu kilicho wazi ndani. Mdomoni mwa kikombe kuna kifuniko cha thredi, na chini ya kifuniko zinakaa taya tatu ndogo za chuma zilizofungwa pamoja na oringi ya mpira. Unaivalisha risasi zile taya kwenye mfereji wake wa kitakoni, unaitumbukiza kichwa kikiangalia ndani ya kikombe, unakaza kifuniko, unagonga nyundo kwenye kitu kigumu. Basi. Kichwa na baruti vinadondokea ndani ya kikombe, ganda linabaki limeshikwa na taya likiwa na praima yake.

Wanaoiona mara ya kwanza wanashangaa kinachovuta kichwa ni nini, maana hakuna kitu kinachokigusa. Kumbuka umesimama kwenye daladala imejaa, dereva anakanyaga breki ghafla, gari linasimama ila wewe unaendelea kwenda mbele mpaka unamkuta aliye mlangoni. Nyundo ikigonga inasimama, ganda nalo linasimama kwa sababu limeshikwa, ila kichwa kina uzito na kilikuwa kwenye mwendo kwaiyo kinataka kuendelea, kinajivuta chenyewe kutoka shingoni. Ukishaelewa hapo umeelewa karibu yote yanayofuata, yaani kwa nini sehemu ya kugongea ina maana, kwa nini vichwa vizito vinatoka kirahisi na vyepesi vinasumbua, na kwa nini plastiki inapasuka.

Chukua risasi ya bastola ya .45 ACP yenye kichwa cha greni 230, hiyo ni karibu gramu 15, mara nyingi pigo moja au mawili kinakuwa kimeshatoka. Njoo kwenye ya bunduki ndefu, .308 yenye kichwa cha greni 168, karibu gramu 11, bado sio shida. Sasa njoo kwenye .223 yenye kichwa cha greni 55, hapo ni gramu tatu na nusu hivi, kichwa chepesi, hakina uzito wa kujivutia, na kama ni ya jeshi kimebanwa shingoni na juu yake kimepakwa lami ya kuzuia maji. Hiyo utagonga mpaka jirani aje kuuliza. Na nyundo nyingi ninazoziona zimepasuka zimepasukia hapohapo kwenye .223, mtu anagonga, haitoki, anaongeza nguvu, haitoki, anapandwa na hasira, anashusha pigo la kuua nyoka na plastiki inaachia.

Kabla hujaongeza nguvu fanya hivi. Chukua hiyo risasi uipeleke kwenye presi, tumia dai (kile chombo kinachofungwa kwenye presi) ile ile ya kushindilia vichwa, isukume ndani kidogo sana, nywele tu, mpaka usikie au uhisi kimeachia. Ile lami inakatika, na kama ni risasi iliyokaa miaka mingi mpaka koti la shaba la kichwa likagandana na shaba ya ganda, huko kugandana nako kunaachia. Ukirudi kwenye nyundo inatoka kwa mapigo ya kawaida. Nashangaa watu wengi hawaijui hii, wakati inaokoa nyundo na mkono kuliko kitu kingine chochote nitakachosema hapa.

Turudi kwenye mahali pa kugongea maana hapo ndipo penye ugomvi mkubwa. Wapo wanaogonga juu ya meza, wengine juu ya zulia wasisumbue nyumba, wengine sakafu ya zege, wengine juu ya jiliwa la chuma. Ya meza na zulia ni mbaya kwa sababu panabonyea, nyundo inasimama polepole, na nyundo ikisimama polepole kichwa hakipati sababu ya kutoka, kwaiyo unagonga mara nyingi zaidi na kwa nguvu zaidi, na kila pigo mpini unapinda kidogo pale unapoungana na kikombe, siku moja unakatikia hapo. Ya zege inafanya kazi haraka ila zege lina mchanga na vikokoto, linakula uso wa plastiki, linaacha vijeraha vidogo, na ufa huwa unaanzia kwenye kijeraha. Chuma tupu ni kigumu mno, kichwa kinatoka kweli ila mshtuko wote unabebwa na plastiki, hamna cha kupunguza.

Mimi natumia gogo. Kipande cha mti mgumu, hapa nimepata kipande cha mwaloni kutoka mti uliokatwa mtaani, nimekisimamisha ili nigonge pale juu palipokatwa, pale pete za mti zinapoonekana, sio ubavuni. Ubavuni mti unabonyea na kuchanika, ila ukigonga kwa kichwa cha gogo nyuzi za mti zimesimama wima zinakurudishia nguvu bila kukwangua plastiki. Gogo liwe limesimama moja kwa moja juu ya sakafu, sio juu ya meza inayoyumba. Mzee mmoja wa huku ninayemheshimu sana kwa kazi hii yeye ameyeyusha madini ya risasi akamwaga kwenye kopo akapata tofali, anagongea juu yake, na nyundo yake ni ya zamani mno na haina ufa. Mi bado napendelea gogo kwa sababu vumbi la madini ya risasi sio la kulichezea ndani ya nyumba yenye watoto, ila siwezi kusema njia yake haifanyi kazi, inafanya.

Afu kuna baridi. Hili walioko Texas au Florida hawatalielewa. Januari hapa gereji isiyo na hita inashuka mpaka nyuzi 20 chini ya sifuri na zaidi, na plastiki nyingi zikipata baridi ya namna hiyo zinapoteza ule unyumbufu, zinakuwa kavu, pigo ambalo Julai lisingefanya kitu Januari linaipasua. Nina rafiki Mkenya wa hapa Brooklyn Park, mnajua Wakenya walivyo wengi upande huu, alinipigia simu usiku mmoja wa baridi kali ananiambia, "Ndugu yangu, hii kitu imepasuka tena, na hii ni mpya, sijaitumia hata mwezi." Nikamuuliza ilikuwa inakaa wapi. Gerejini, imening'inia kwenye ukuta wa nje. Nikamwambia kaka, lete ndani, iache jikoni ipate joto kabla hujaigusa. Alinunua nyingine, anaitunza kabatini ndani, na sa hivi hajanipigia tena kwa habari hiyo. Najua wengine mtasema ni bahati. Mimi nakwambia jaribu.

Pigo lenyewe nalo lina adabu yake. Lisiwe la hasira. Mapigo matatu ya wastani yaliyonyooka ni bora kuliko moja la nguvu zote lililoenda upande, kwa sababu nyundo ikitua kwa pembe mshtuko wote unaingia ukingo mmoja wa kikombe, afu mpini unapokea mpindo. Shika mpini kwa kulegea kidogo pale inapotua, acha nyundo ifanye kazi, usiikandamize chini. Na kila baada ya mapigo machache angalia kifuniko, maana kinalegea, na kikilegea risasi inacheza kwenye taya, taya zinaanza kukwangua mdomo wa kikombe na thredi, mwishowe thredi zinaliwa na hapo hata ukikaza vipi haikazi. Nyundo inayokufa kwa thredi mara nyingi imekufa kwa uvivu wa kukaza.

Oringi ya zile taya ndio kitu cha kwanza kuchoka, inakauka na kukatika, taya zinatawanyika sakafuni na ukipoteza moja umeisha. Oringi ni kitu cha senti, nenda duka la vifaa vya ujenzi na taya zako mkononi, tafuta inayolingana, nunua za akiba. Taya zenyewe zinakuja za saizi tofauti kwa risasi kubwa na ndogo, ukiweka saizi isiyo yake risasi nzima inachomoka na kudondokea ndani ya kikombe.

Kikombe kikishapata ufa, hata mdogo wa nywele, usigundishe, usizungushie utepe. Nimeona watu wanafunga na gundi za kila aina. Kumbuka ndani kuna baruti, na kuna ganda lenye praima hai, yaani ambayo haijalipuka, na uso wako uko juu yake. Tupa, ununue nyingine, bei yake haifiki hata ya boksi mbili za risasi nzuri za kuwindia. Kampuni kadhaa zinabadilisha bure kama iko kwenye garantii, waandikie kabla hujalalamika.

Sasa niwaambie kilichonifanya nigonge sana mwaka huu. Mtaani kwetu alifariki mzee mmoja Mmarekani, mwindaji wa miaka mingi, mjane wake akaniita akanionyesha kabatini, maboksi ya .30-06 na .243 yaliyojazwa kwa mkono, akasema chukua mwanangu, mume wangu angependa mtu azitumie. Nilimshukuru sana mama yule, na nilimwambia ukweli wakati uleule kwamba sitapiga hata moja, nitazivunja nitumie maganda na vichwa. Alishangaa kidogo. Ila hii ni kanuni ambayo sitaivunja kwa heshima ya mtu yeyote, risasi iliyojazwa na mkono wa mtu mwingine hupigi, hata kama mtu huyo alikuwa makini kuliko wewe, kwa sababu aliyejua kilichomo ndani ni yeye na hayupo wa kuulizwa. Bunduki yake haikuwa yangu, kipimo kilichokuwa salama kwenye chemba yake, pale risasi inapokaa ndani ya bunduki, sio lazima kiwe salama kwenye yangu.

Na nilivyoanza kuzivunja ndio nikaona. Boksi moja, kibandiko kimoja kwa mwandiko mzuri kabisa wa mzee, baruti moja imeandikwa, lakini ndani zilikuwemo aina mbili. Nyingine ilikuwa ya vijiti vidogo, nyingine ya punje za mviringo. Inawezekana kibandiko kilikuwa cha zamani na boksi likatumika tena, watu wanafanya hivyo sana, boksi la plastiki linadumu kuliko alichoandika mtu juu yake. Nilikaa pale na sahani mbili za baruti mbele yangu nikamfikiria yule mama akimpa kijana mwingine tu anayepita. Tangu siku hiyo kila nikivunja risasi za mtu namwaga baruti ya kila moja peke yake kwenye sahani nyeupe, naiangalia, mara nyingi naipima, sio kwamba nitaitumia, nataka kujua tu nilikuwa nimeshika nini.

Baruti hiyo haitumiki tena, hata kama umependa rangi yake. Huwezi kuijua baruti kwa kuiangalia, zipo nyingi zinazofanana kwa macho na zinawaka kwa kasi tofauti kabisa. Ukiivuta pua ukasikia harufu kali ya asidi, au ukaona vumbi jekundu la kutu, hiyo imeshaanza kuoza, itoe nyumbani leo leo. Nyingine tunaitawanya kwenye nyasi uani, kidogo kidogo, iliyotandazwa sana, ina naitrojeni na mvua inaishughulikia. Usiiweke lundo ukawasha uone, baruti ya kisasa ikiwa wazi haifanyi mlipuko, inaungua, lakini inaungua kwa moto mkubwa na wa ghafla kuliko unavyotegemea na nyusi haziwahi kukimbia. Baruti nyeusi ni habari nyingine kabisa, hiyo hata cheche ndogo inatosha.

Yapo mambo ambayo nyundo hii haifanyi, na hapa naomba tusikilizane. Risasi za .22 zile ndogo za kawaida, na zote ambazo praima yake haiko katikati bali imetandazwa ndani ya ukingo wa kitako, haziingii kwenye nyundo. Kamwe. Taya zinashika palepale kwenye ukingo, yaani palepale penye kemikali ya kulipuka, afu unagonga. Kila maelekezo ya nyundo hizi niliyowahi kusoma yanakataza. Pili, za kijeshi zenye rangi kwenye ncha ujue rangi hiyo ina maana gani kabla hujaigusa. Kwenye 5.56 ya NATO ncha ya kijani ya M855 ni kichwa cha greni 62 chenye chuma ndani, hiyo haina moto, ila ncha ya rangi ya chungwa ya M856 ni ya kuacha mwanga njiani, ina kemikali ya kuwaka kwa nyuma, usiigonge. Kama huna uhakika na rangi, weka pembeni.

La tatu litaniletea maneno, lakini nalisema. Watu wengi wanaacha zile taya tatu na badala yake wanatumia kishikio cha ganda kile cha kwenye presi, kwa sababu ni haraka, unachomeka unagonga unachomoa. Ni haraka kweli. Ila maelekezo ya nyundo yangu yanasema tumia taya zake, na zipo taarifa na picha za risasi zilizolipuka ndani ya nyundo, na kwenye baadhi ya hizo mtu alikuwa ametumia kishikio, au praima ilikuwa haijakaa mpaka mwisho. Sitakwambia kila mlipuko ulisababishwa na hilo. Nasema tu kwamba dakika unayookoa kwa kila risasi haina thamani ya mkono. Kabla ya kuingiza yoyote pitisha kidole kitakoni, ukihisi praima imetokeza juu ya usawa wa ganda, hiyo usiigonge. Miwani usoni muda wote, vizuia kelele masikioni navyo, na kikombe kisiangalie mtu.

Kuna wanaoniambia niachane na nyundo ninunue kile kifaa cha kufunga kwenye presi kinachobana kichwa na kukivuta. Kampuni ya RCBS wanacho, Hornady nao wana chao cha mkono wa kubana. Ni vizuri sana, hakina kelele, baruti inabaki ndani ya ganda badala ya kutawanyika, na kama una mamia ya .223 za kuvunja hicho ndicho cha kununua wala usihangaike na gogo. Shida ni kwamba kila kaliba, yaani unene wa kichwa, inataka kibanio chake, na kinahitaji sehemu ya kushika. Kichwa kifupi cha bastola cha mviringo kilichozama karibu chote kwenye ganda hakina mahali pa kushikwa, na kichwa cha madini ya risasi matupu, kisicho na koti la shaba, kinabonyea. Hapo unarudi kwenye nyundo tu. Mi ninavyo vyote viwili na nyundo ndio inayotoka kabatini mara nyingi zaidi, kwa sababu mara nyingi ni risasi mbili tatu za wasiwasi, sio mia mbili.

Halafu kuokoa vitu sio ubahili. Mnakumbuka 2020 na 2021, risasi zilipotea madukani, praima ndio kabisa, boksi la elfu moja lililokuwa linauzwa dola 30 na kitu watu walikuwa wanaliuza mia na zaidi, na ilikuwa hivyo hata kwetu hapa ambapo kiwanda cha Federal kiko Anoka, mwendo mfupi tu kwa gari, kinatengeneza risasi tangu 1922. Kipindi kile aliyekuwa na nyundo na boksi la risasi za wasiwasi alikuwa na maganda yenye praima hai mkononi, na aliyepiga risasi zake za wasiwasi kwa sababu ya uvivu hakuwa na kitu.

Ukitaka kuokoa kichwa kisiharibike ncha, weka chini kabisa ya kikombe kipande cha sponji, ile ya kuziba masikio inafaa vizuri, ncha za plastiki na za madini laini ya risasi zinabaki salama. Iondoe kila unapomwaga, maana baruti inajificha chini yake, na ukianza risasi ya aina nyingine kikombe kiwe kimefutwa, usichanganye mabaki. Vichwa vikishatoka viangalie kwenye mwanga, vyenye michubuko mirefu mi naviweka kwa mazoezi ya shabaha, sio vya kuwindia.

Ganda linalobaki lina praima hai na shingo iliyopanuka kidogo. Ukilijaza hivyohivyo kichwa kinaweza kukaa kimelegea, kwenye bunduki ya kujijaza yenyewe kinasukumwa ndani wakati inaingia chemba na presha inapanda. Kwaiyo lipitishe tena kwenye dai ya kurudisha saizi, ila kwanza toa ile pini ya katikati inayosukuma praima nje, ukiisahau itaisukuma praima hai. Na kama praima zenyewe huziamini, za miaka mingi au zilizolowa, zisukume nje kwa mkono wa presi taratibu sana, miwani ikiwa usoni, moja moja, huku kopo la kuzipokea halina nyingine ndani yake.